Dawa Inavyotumika na Dawa Inavyochunguzwa: Uchambuzi wa Utafiti wa Tiba Asili na Tiba Mbadala

Katika Kiswahili cha serikali ya Tanzania, daktari aliye juu ya madaktari wote wa nchi huitwa Mganga Mkuu wa Serikali, na msimamizi wa zahanati ya kijijini huitwa mganga mfawidhi. Katika Kiswahili hichohicho, mzee anayechimba mizizi porini, mpiga ramli na fundi wa kupunga pepo nao huitwa waganga. Jina moja limewakusanya watu ambao sheria, vyuo na bajeti vimewatenga kwa muda mrefu, na mkusanyiko huo si uzembe wa lugha, kwa kuwa kuganga ni kuganga, awe mtu anaganga kwa sindano, kwa gome au kwa dua. Neno dawa nalo lina upana wa namna hiyo: ipo dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya mbu na dawa ya mapenzi, na katika matumizi yote hayo dawa ni kitu kinachotenda, yaani kitu ambacho kikitiwa mahali hubadili hali iliyokuwapo. Kwa hiyo, msemaji wa Kiswahili anayeuliza kama kitu fulani ni dawa kweli anauliza swali lilelile la mtafiti: je, kinatenda? Kinatenda nini, kwa nani, kwa kipimo gani, na kwa madhara yapi?

Maneno yanayotumika katika fani hii yanahitaji kupambanuliwa kwanza. Tiba asili ni ujuzi wa kuzuia, kutambua na kutibu maradhi uliorithiwa ndani ya jamii yenyewe, aghalabu kwa mdomo na kwa vitendo, kutoka kwa mzazi au mlezi kwenda kwa mwanafunzi aliyechaguliwa. Tiba mbadala ni mifumo iliyoingia kutoka kwingine, kama homeopathia iliyozaliwa Ujerumani au tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, ambayo huitwa akupancha. Tiba nyongeza si aina ya tatu ya dawa bali ni namna ya kutumia: tiba yoyote kati ya hizo ikitumika sambamba na dawa za hospitali bila kuziondoa, hiyo ni nyongeza. Mipaka hii ni myepesi kuliko inavyoonekana vitabuni. Kuumika, yaani kutoa damu kwa pembe iliyobandikwa juu ya ngozi iliyochanjwa, kumefanywa na wenyeji wa pwani tangu zamani kwa kutumia pembe iitwayo chuku, kiasi kwamba kupiga chuku kumekuwa msemo wa kutia chumvi katika mazungumzo. Leo tendo hilo hilo hutangazwa mijini kwa jina la hijama, kwa vikombe vya plastiki, na wengi hulihesabu kuwa tiba mbadala. Kilichobadilika ni jina na chombo. Kuzigawa tiba kwa asili yake, basi, husaidia kuandika sheria na kutoa vibali, lakini hakumwambii mgonjwa lolote kuhusu kama atapona.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba utafiti mwingi wa tiba asili katika Afrika Mashariki umelichunguza jani ukaiacha tiba. Umeuliza mara nyingi sana ni kemikali gani zimo ndani ya mmea, na umeuliza mara chache mno kama mgonjwa aliyetibiwa na mganga, kwa namna ambayo mganga hutibu, hupata nafuu. Maswali hayo mawili yanafanana kwa mbali, ila mbinu zake, gharama zake na majibu yake ni tofauti, na kutotofautisha kati yake kumeligharimu eneo hili miongo mingi.

Sehemu ya sababu imo katika historia. Serikali za kikoloni ziliwatazama waganga kwa jicho la polisi kabla ya kuwatazama kwa jicho la tabibu: sheria ya uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925 na ya Tanganyika ni ya mwaka 1928, na chini ya sheria za namna hiyo ilikuwa vigumu kwa mtu mwenye mkoba wa dawa kujua alipo salama. Katika nyakati zizo hizo dawa za mimea zilikuwa zikithaminiwa, mradi zipite katika mikono mingine. Huko Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, wakapanda humo mti wa sinkona kutoka Amerika ya Kusini, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, njia za bahari zilipofungwa, gome la mti huo liliwapatia kwinini ya kutibu malaria. Gome lililojulikana kwanza kwa wenyeji wa milima ya Andes likawa sayansi. Magome yaliyojulikana kwa Wasambaa wa jirani yakabaki kuwa habari za kienyeji.

Uhuru ulibadili mwelekeo, ingawa si kwa haraka. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha utafiti wa dawa za asili ambacho mwaka 1991 kilipandishwa kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Mwaka 1976 mtaalamu wa mimea John Kokwaro wa Kenya alichapisha kitabu chake kuhusu mimea tiba ya Afrika Mashariki. Na mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata, ulioweka msingi wa huduma za afya ya msingi duniani, uliwataja waganga wa jadi miongoni mwa wahudumu wanaoweza kushirikishwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Hata hivyo, mzigo wa neno moja lenye maana nyingi haukutuliwa. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhamiri, serikali ilisimamisha leseni za waganga wa jadi wote mwaka 2009, na mwezi Januari 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli. Mkunga wa jadi na mzee wa dawa za tumbo wakajikuta katika kapu moja na watu wanaoagiza viungo vya binadamu. Uhusiano wa kitafiti hauwezi kustawi pale ambapo mmoja wa washirika hana hakika kama mwakani atakuwa mtaalamu au mshukiwa.

Takwimu nazo zimekuwa na udhaifu wake. Karibu kila andiko juu ya mada hii huanza kwa kudai kuwa asilimia 80 ya watu barani Afrika hutegemea tiba asili, dai lililoenea kutokana na machapisho ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya miaka ya 1980 na kurudiwa na waandishi waliofuata bila kurejea kwenye hesabu yenyewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia majibu ya zaidi ya watu 35,000 katika nchi sita, Ghana na Afrika Kusini zikiwamo, ulikuta kwamba waliomtaja mganga wa asili kuwa ndiye waliyemwendea mara nyingi zaidi katika miaka mitatu iliyotangulia walikuwa chini ya asilimia 3 katika nchi hizo mbili, na India, iliyokuwa juu kuliko zote, ilifika asilimia 11.7. Tofauti hiyo haina maana kwamba mojawapo ni uongo mtupu. Mama anayechemsha majani ya muarobaini jikoni kwake, au anayempa mtoto mwenye kikohozi tangawizi na asali, hajamwendea mganga yeyote, na dodoso linalouliza habari za mganga halimwoni. Idadi inayopatikana hutegemea swali lililoulizwa, na swali kuhusu matibabu ya nyumbani, ambayo pengine ndiyo tiba asili iliyoenea kuliko zote, limeulizwa kwa uchache.

Njia iliyozoeleka ya utafiti inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa maana ndani ya hatua zake ndimo jani linapotengana na tiba. Mtafiti hufika kijijini akiwa na mwongozaji anayefahamika, akazungumza na mganga, akaongozana naye hadi mti ulipo. Tawi lenye majani, na maua ikiwezekana, hukatwa, hubanwa kati ya magazeti na kukaushwa, kisha hupelekwa hebaria, yaani hifadhi ya mimea mikavu, ili lipewe jina la kisayansi. Hatua hii ni ya lazima, kwa kuwa mti ambao Wakikuyu huuita muthiga ndio ambao Wamaasai huuita osokonoi, na bila kielelezo cha hebaria hakuna atakayejua kama watafiti wawili wanazungumzia kitu kimoja. Gome au mzizi huanikwa kivulini, husagwa, na unga wake huloweshwa katika alkoholi au kiyeyushi kingine kwa siku kadhaa. Kiyeyushi hicho huchujwa na kukaushwa hadi libaki rojo zito lenye rangi ya kahawia. Rojo hilo hudondoshwa katika vibakuli vyenye vimelea vya malaria, bakteria au seli za saratani, na mtafiti huangalia ni kiasi gani kinahitajika ili nusu ya viumbe hivyo vife. Matokeo huandikwa, makala huchapishwa, na mwanafunzi huhitimu.

Kazi hiyo si bure, na watu wanaoifanya katika maabara zenye umeme wa kukatikakatika na kemikali zilizocheleweshwa bandarini wanastahili heshima. Lakini inapasa kutazama yaliyopotea njiani. Mganga alichemsha gome katika maji, na maabara ikatumia alkoholi, ambayo huvuta kemikali tofauti. Mganga alichanganya mizizi ya miti mitatu, na maabara ikauchukua mmoja. Dawa ya mganga ilipita tumboni na kwenye ini, ambako kemikali nyingi huvunjwavunjwa kabla ya kufika zinapohitajika, ilhali rojo la maabara lilimwagwa moja kwa moja juu ya vimelea, mara nyingi kwa wingi ambao damu ya mtu haiwezi kuufikia. Kwa hiyo mmea ulioshindwa katika kibakuli hauthibitishi kuwa mganga alikosea, na ulioshinda hauthibitishi kuwa alipatia. Kitu pekee kilichothibitishwa ni tabia ya rojo. Baada ya hapo njia hukatika, kwa kuwa hatua zinazofuata, yaani majaribio ya sumu kwa wanyama, utengenezaji wa dawa yenye kipimo kisichobadilika na majaribio kwa binadamu, zinadai fedha ambazo idara ya chuo kikuu haina, na mwekezaji haoni atakavyoimiliki dawa ambayo kila kijiji kina mti wake.

Mfano unaotajwa mara nyingi kama utetezi wa njia hiyo, ukisomwa vizuri, unasema jambo zaidi ya linalotajwa. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na baadaye mwanakemia Tu Youyou na wenzake wakapitia zaidi ya mapishi 2,000 ya dawa za kale. Mmea wa Artemisia annua, wa jamii ya pakanga, ulionyesha dalili njema kisha ukashindwa, matokeo yakawa yanayumba. Tu alirudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, na humo akakuta kwamba mmea ulioagizwa kwa homa hizo haukuchemshwa, bali ulilowekwa katika maji na kukamuliwa. Alitambua kwamba huenda joto lilikuwa likiharibu kiini cha dawa, akatumia kiyeyushi kinachochemka kwa joto dogo, na mwezi Oktoba 1971 akapata sampuli iliyoangamiza vimelea vyote katika wanyama wa maabara. Artemisinini, ambayo mpaka sasa ndiyo msingi wa dawa mseto za malaria zinazotolewa katika zahanati za Afrika Mashariki, ilipatikana baada ya mtafiti kuheshimu namna ya kutayarisha, yaani sehemu ileile ya ujuzi ambayo maabara nyingi huiacha mlangoni. Tu alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ni haki pia kuongeza kwamba chai ya mmea huo haikubaliwi na WHO, kwa sababu kiini chake hakiyeyuki vizuri katika maji na kipimo pungufu kinaweza kuwafundisha vimelea usugu; mafanikio ya kidonge hayakuugeuza mmea wenyewe kuwa kidonge.

Njia nyingine ipo, na imekwisha kupitiwa nchini Mali na Idara ya Tiba Asili ya Bamako, chini ya watafiti kama Drissa Diallo, wakishirikiana na Bertrand Graz wa Uswisi na Merlin Willcox wa Uingereza. Wao waliigeuza safari juu chini, wakaanza na mgonjwa na kumalizia na kemikali. Katika hatua ya kwanza walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza juu ya mgonjwa wa malaria wa karibuni: alikunywa nini, kiasi gani, na hali yake ikawaje baadaye. Visa 952 vilikusanywa, na katika visa hivyo mimea 66 ilitajwa, mmoja mmoja au kwa mchanganyiko. Hesabu za uwiano zikaonyesha ni mimea ipi iliyoambatana na kupona zaidi. Uliochomoza ni Argemone mexicana, mmea wa miiba wenye maua ya manjano na utomvu wa rangi hiyohiyo, ambao katika nchi nyingi za joto huota kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa na kuhesabiwa kuwa gugu. Katika hatua ya pili maji yake yaliyochemshwa kwa namna ya kienyeji yalitolewa kwa wagonjwa kwa vipimo vitatu tofauti, ili ijulikane kinachofaa, na kipimo kikubwa kuliko vyote hakikuonekana kukishinda cha kati.

Hatua ya tatu ilikuwa jaribio la nasibu, yaani jaribio ambalo mgonjwa hupangiwa tiba kwa bahati, kama kwa kura, ili asiwepo mtu wa kuwapeleka wagonjwa wepesi upande anaoupenda. Watu 301 walihusishwa, wengine wakapewa maji ya Argemone na wengine dawa mseto ya artemisinini, na katika siku 28 zilizofuata zaidi ya asilimia 89 ya kundi la kwanza na asilimia 95 ya kundi la pili hawakuhitaji dawa ya pili. Miongoni mwa watoto wasiozidi miaka mitano, waliozidiwa hadi malaria kali walikuwa asilimia 1.9 katika kila kundi. Dawa ya mmea haikuvifuta vimelea vyote katika damu, na watafiti hawakuificha habari hiyo wala hawakudai kuwa imeishinda ya hospitali. Walichoonyesha ni kwamba katika eneo ambalo watu wana kinga kiasi na zahanati iko mbali, mmea huo unaweza kuwa huduma ya kwanza yenye kipimo kinachojulikana. Ndipo wanakemia walipoingia, wakachunguza kemikali zitakazotumika kama alama ya ubora. Kazi yote ilichukua takriban miaka sita na kugharimu kama yuro 400,000, kiasi ambacho ni sehemu ndogo sana ya gharama za kutengeneza dawa mpya viwandani. Hakuna kikwazo cha kisayansi kinachozuia kazi ya namna hiyo kufanyika Newala, Kilifi au Gulu.

Kipo kipingamizi ambacho lazima kijibiwe kwa ukamilifu, nacho ni kwamba mgonjwa hupona kwa sababu ya kuamini. Watafiti huitumia dawa bandia, yaani kidonge au tendo lisilo na kiini chochote, ili kutenga athari ya imani na ile ya dawa yenyewe. Nchini Ujerumani jaribio kubwa la akupancha, lililochapishwa mwaka 2007, liliwagawa wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo katika makundi matatu, na baada ya miezi sita waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 ya waliochomwa sindano kwa kanuni za Kichina, asilimia 44.2 ya waliochomwa juujuu mahali pasipo pa kanuni, na asilimia 27.4 ya waliopewa matibabu ya kawaida. Mpinzani husoma hapo kwamba kanuni za Kichina hazina maana, na mtetezi husoma kwamba sindano, hata za uongo, zimewashinda madaktari. Wote wana haki ya kusema hivyo. Ila fundisho linaloihusu Afrika Mashariki ni kwamba tiba ina sehemu mbili zinazoweza kupimwa, kitu kinachotolewa na namna kinavyotolewa, na katika uganga sehemu ya pili ni pana: kuna muda mrefu wa kusikilizwa, ndugu walioketi pamoja na mgonjwa, jina linalopewa tatizo, ngoma, au kombe, ambalo ni maandishi ya aya za Kurani yaliyoandikwa kwa zafarani juu ya sahani na kuoshwa kwa maji ili yanywewe. Kwa maumivu, hofu, kukosa usingizi na huzuni, mambo hayo yanaweza kuwa tiba kweli. Kwa kifafa cha malaria hayatoshi, na hapo ndipo lilipo suala la degedege.

Degedege ni jina ambalo jamii nyingi za Tanzania huupa ugonjwa wa mtoto mdogo anayepata homa, akageuza macho, akakakamaa na kutetemeka. Jina lenyewe linamtaja dege, ndege mkubwa ambaye kivuli chake husemwa kuwa ndicho kinachomdhuru mtoto, na kwa kuwa chanzo ni hicho, wazazi wengi hawakuona uhusiano wowote na malaria inayotibiwa hospitalini. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996, na mwingine uliofanywa baadaye Kilosa na Handeni, ulieleza jinsi mtoto alivyopelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa, pengine kwa kinyesi cha tembo, akaogeshwa maji ya majani, na jinsi wazazi walivyoogopa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Woga huo haukutoka hewani: watoto waliofikishwa hospitali wakiwa mahututi walichomwa sindano ya kwinini na wengine wakafa muda mfupi baadaye, na macho ya mama yaliona sindano ikitangulia na kifo kikifuata. Ulikuwa ushahidi wa kweli uliofikisha watu kwenye hitimisho lisilo sahihi.

Watafiti waliozungumza na waganga wenyewe walikuta jambo ambalo maabara isingelionyesha. Kazi ya mganga wa degedege ilikuwa kumtuliza mtoto na kumpoza, na wengi wao hawakukataa kumpeleka hospitali baada ya mtikisiko kutulia. Kwa baadhi yao ndiyo ilikuwa desturi, kwamba dege akiondoka sindano haidhuru tena. Hapo mganga anaonekana kuwa mlango badala ya ukuta. Swali la kitafiti linakuwa ni saa ngapi mtoto alikaa mlangoni, na zipunguzwe vipi. Mganga aliyefundishwa dalili za hatari, akapatiwa njia ya kumfikisha mtoto zahanati mapema, anaokoa roho bila jani lake hata moja kupelekwa maabara. Huu ni utafiti wa tiba asili kwa maana kamili, na unastahili kuhesabiwa hivyo katika bajeti.

Kuhusu usalama, hoja inayosikika sokoni ni kwamba dawa iliyotumiwa na mababu haiwezi kuwa na sumu. Hoja hii ina ukweli nusu. Jamii hujifunza haraka sumu inayoua papo hapo au inayoharisha usiku uleule. Haiwezi kujifunza kwa urahisi sumu inayoharibu figo baada ya miaka, kwa kuwa anayeugua hakumbuki alichokunywa na hakuna aliyeandika. Mapema katika miaka ya 1990, zaidi ya wanawake mia moja nchini Ubelgiji waliharibikiwa figo baada ya kumeza vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa na mimea ya Kichina. Ilibainika kwamba mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia wenye jina la Kichina linalokaribiana nalo, na wengine miongoni mwao walipata saratani ya njia ya mkojo baadaye. Mimea ya jamii hiyo ilikuwa imetumika kwa karne nyingi bila kushukiwa. Hatari nyingine huzaliwa pale dawa mbili zinapokutana: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa takriban nusu kiwango cha sakwinaviri, mojawapo ya dawa za kufubaza VVU, katika damu ya watu wenye afya waliojitolea. Kitunguu saumu cha mchuzi hakikushtakiwa hapo, bali kile kilichokolezwa katika vidonge. Hata hivyo mgonjwa ambaye hathubutu kumwambia tabibu kwamba anatumia mitishamba, kwa kuogopa kukaripiwa, hawezi kuonywa. Karipio la zahanati huua taarifa kabla ya kuifikia karatasi.

Haki za wenye ujuzi zimetungiwa mikataba mizuri na kupewa utekelezaji hafifu. Ua la Madagascar liitwalo kwa sayansi Catharanthus roseus lilizaa dawa za saratani ya damu bila kisiwa hicho kufaidika kwa kadiri inayostahili. Wasani wa kusini mwa Afrika walipata mkataba wa kugawana faida ya mmea wa Hoodia mwaka 2003, baada ya kugundua kwamba hataza ilikuwa imekwisha kuchukuliwa bila wao kuulizwa, na kampuni kubwa zikaja kuuacha mradi huo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inadai ridhaa na mgawanyo wa haki. Miti nayo inadai ulinzi wake: Prunus africana, ambao gome lake huuzwa Ulaya kwa ajili ya uvimbe wa tezi dume, ulilazimika kuwekewa masharti ya biashara ya kimataifa mwaka 1995, kwa sababu gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hufa ukiwa umesimama.

Haya yote yalikutana mahali pamoja mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, eneo la Loliondo nchini Tanzania, ambako Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyejulikana kote kama Babu, alitoa kikombe cha maji ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500, akieleza kuwa ameoteshwa na Mungu na kwamba dawa inatibu kisukari, saratani, shinikizo la damu na UKIMWI. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa wengine wakafia njiani, na wapo walioziacha dawa zao za VVU. Wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na wa Muhimbili walifika, wakautambua mti kuwa Carissa, wakarejea maandiko ya awali juu ya kemikali zake, na kueleza kwamba kwa kipimo kile haukuonekana kuwa na sumu. Ilikuwa kazi sahihi, na ilijibu swali la jani. Swali ambalo nchi nzima ilikuwa ikiuliza lilikuwa lingine, na lilirudi tena mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19, kinywaji kilipoletwa kutoka Madagascar na nyungu za kujifukiza zilipochemshwa majumbani. Hadi Septemba ya mwaka huo WHO na Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa wakawa wamepitisha mwongozo wa kupima dawa za mitishamba kwa majaribio ya binadamu, wakati ambapo mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kuamua wenyewe.

Katika magonjwa yote yaliyotajwa Samunge, kisukari ndicho kilichokuwa chepesi kuliko vyote kupimwa. Tone moja la damu ya kidole na kijiti cha kupimia hutoa jibu chini ya dakika moja, na kipimo cha pili cha damu, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, huondoa utata wa mtu aliyefunga kula au aliyetembea sana siku hiyo. Wagonjwa mia mbili waliokwisha kuthibitishwa hospitalini, wakapimwa kabla ya kunywa kikombe, wakaombwa wasiziache dawa zao, kisha wakapimwa tena baada ya wiki mbili na baada ya miezi mitatu pamoja na wengine mia mbili waliokuwa bado kwenye foleni, wangetosha kutoa jibu ambalo daktari, mchungaji na mgonjwa wangeweza kulisoma pamoja. Kilichohitajika kilikuwa daftari, kalamu, namba za simu za wagonjwa, boksi kadhaa za vijiti na mtu wa kukaa pale kwenye magari, ambako vikombe vilikuwa vikipitishwa dirishani.